Matanga ya Seif bin Khalfan

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na wa kwanza wao alikuwa ami yangu mwenyewe, Ami Nasor, ndugu wa baba, aliyenipokea nilipofika Maskati mwaka huu wa sabini na sanduku moja la nguo na jingine la brashi. Aliniuliza nitakula nini. Nikamwambia nitachora mabango ya maduka na lebo za bidhaa za watu, na humo humo nitaandika hadithi mpaka nitoe kitabu. Akakitazama kikombe chake cha kahawa kama kwamba ndani mna nzi. "Mshika mawili, mwanangu," akasema, "moja humponyoka." Watu waliokuwepo wakacheka, nami nikajiapiza kwamba nitawaonyesha, na kweli nimewaonyesha, maana mimi yaliniponyoka yote mawili, tena siku moja, mbele ya watu wa Sidab wakubwa kwa wadogo. Mmeshaisikia habari hiyo kwa midomo ya wengine, na wameitia chumvi. Basi leo isikieni kwangu mimi mwenyewe, ingawa uso wangu bado haujapoa.

Mimi (sijisifu, lakini lazima mjue) ni mtu mwenye diploma. Niliondoka Unguja kijana kwenda Misri kusoma, yakatokea yaliyotokea nyumbani nikiwa huko huko, mlango ukafungwa nyuma yangu, na sikuwa na baba wala kaka wa kuniletea hata kipande cha sabuni. Nikaosha vyombo vya watu, nikabeba mizigo, nikasoma uchoraji na uandishi wa mabango mpaka nikapewa karatasi yenye muhuri, na karatasi hiyo nimeitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika dukani kwangu mahali ambapo mteja akikaa hana pengine pa kutazama. Duka lenyewe ni chumba kimoja nje ya lango la Maskati. Mwaka huu mambo yamefunguka, kila mtu anafungua duka, na kila anayefungua duka anataka bango, Kiarabu juu na Kiingereza chini, na anataka herufi zenye kivuli kama alizoziona Bahrein. Kabla yangu mabango yalikuwa yakiandikwa na yeyote mwenye kopo la rangi. Niliyaona, nikacheka peke yangu njiani.

Na hadithi? Hadithi nilikuwa nikiandika ndani ya kazi hiyo hiyo. Rangi ina tabia moja: ukishapaka mkono wa kwanza lazima uingoje ikauke ndipo upake wa pili, na katika kungoja huko, watu wengine wanapovuta sigara, mimi nilikaa kwenye debe nikaandika. Nusu ya kitabu changu imeandikwa hivyo, ndiyo maana kina harufu ya tapentaini.

Kitabu kilikuwa cha kijana wa Unguja anayekwenda nchi za watu na kufa huko. Nilimpa jina Seif bin Khalfan. Nilimfanya karani wa forodha, mtu wa Mkunazini, kwa sababu makarani wa forodha Unguja walikuwa wengi na Mkunazini kila mtu anapajua. Jina nalo nililichagua kwa hesabu: Seif ni wengi na Khalfan ni wengi, na nilidhani jina la kila mtu si la mtu yeyote. Hivyo ndivyo alivyofikiri mtu mwenye diploma.

Sasa niwaeleze Bi Zuwena. Ni mama wa makamo anayekaa Sidab, kijiji kile cha baharini ukivuka kilima, na alikuja mwaka wa sitini na nne pamoja na waliokuja, akiwa na bakuli la kukandia unga na bila ya mwanawe. Kijana alikuwa kazini asubuhi ile, wakapotezana, na tangu siku hiyo miaka sita imepita hana barua wala salamu, hajui kama yuko hai au hayuko. Nilipofika Maskati sijulikani, yeye ndiye aliyeniletea mkate wa ufuta kila Ijumaa, akikaa kizingitini kunitazama nikila na kunihadithia habari za mwanawe. Akimwita Bwana Mkubwa. "Bwana Mkubwa akila kama wewe, haraka haraka, kama anafukuzwa." Jina lake hakulitaja hata mara moja, kwani kijana aliitwa jina la babu yake mzaa baba, na mwanamke wa kwetu aliyelelewa halitamki jina la mkwewe hata kama mkwe yuko kaburini miaka ishirini. Nami nilikuwa nikila mkate, na halikunijia kuuliza.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Tajiri mmoja wa Matrah, naye mtu wa Unguja, alikuwa anafungua maduka kadhaa kwa mpigo na aliniambia nimpelekee sampuli tatu za maandishi, moja Kiarabu, moja Kiingereza na moja Kiswahili, achague mtindo, na akipenda kazi yote ni yangu. Sampuli za Kiarabu na Kiingereza nilikwishazimaliza jana yake. Ya Kiswahili nilisema nitaifanya asubuhi. Lakini asubuhi ile Seif bin Khalfan alikuwa anakufa kwenye kitabu, na nyinyi mnaoandika mtanielewa, hamuwezi kumwacha mtu katikati ya roho kutoka mkaenda kupaka rangi. Nikaandika mpaka jua likapanda. Nilipoinua kichwa ubao wa sampuli ulikuwa mweupe vile vile.

Nikahitaji maneno. Mtu mwenye akili zake angeandika "Duka la Vitambaa" akamaliza. Mimi nikautazama ukurasa uliokuwa pajani pangu, na juu ya ukurasa huo palikuwa na tangazo ambalo rafiki zake Seif wanalibandika ukutani baada ya kumzika. Nikaona lina kila kitu ambacho sampuli inakitaka, mstari mkubwa, mstari mdogo, jina la katikati la kukolezwa. Nikaliandika lote:

*Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki ugenini kijana Seif bin Khalfan wa Mkunazini, Unguja, aliyekuwa karani wa forodha. Wanaomjua wamuombee.*

Nikalizungushia mstari mweusi, mnene nje na mwembamba ndani, na wallahi lilipendeza. Sijapata kuandika herufi nzuri kama zile. Lakini rangi ilikuwa mbichi, haibebeki, nami nimechelewa, basi nikaliegemeza nje ukutani likipigwa na jua, nikachukua zile mbili zilizokauka, nikapanda Landrova ya abiria kwenda Matrah. (Ningeligeuza tu uso ukutani! Lakini rangi mbichi huigeuzi, ndivyo tulivyofunzwa.)

Tajiri alinikalisha, akanipa chai, akapenda, akaniambia nirudi na ya tatu. Niliporudi dukani alasiri nikakuta ubao hakuna. Njia nzima imefungwa, mshonaji hayupo, muuza kahawa hayupo, na ubao wangu hakuna. Nikajua nimeibiwa. Mbao siku hizi ni ghali, kila mtu anajenga. Nilikuwa bado natukana pale nje alipopita Mbulushi anayechota maji akaniambia kwa Kiarabu chake, "Unapiga kelele gani, bwana? Wenzako wote wako Sidab. Yule mama wa mikate kafiwa na mwanawe."

Nikakaa kwenye debe. Sitaki kusema uongo, machozi yalinitoka, nikaukumbuka mkate na ule mtindo wake wa kukaa kizingitini. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaogopa miaka sita. Nikavaa kanzu safi, nikafunga kilemba, nikakipanda kilima kwa miguu, na njiani mara nikimuombea maiti rehema, mara nikimuombea mwizi wa ubao wangu mkono wake ukauke.

Kwa Bi Zuwena mikeka ilikuwa imetandikwa nje na wanaume wamejaa, misahafu mikononi, na kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango, kilio cha wanawake kinapanda na kushuka. Nikatoa mkono wa pole kwa kila mtu, nikasema ahsana Allahu azaakum, na ajabu ni kwamba kila niliyempa mkono aliushika wangu kwa mikono miwili. Ami Nasor akasogea akanipa nafasi karibu na sheikh.

"Leo umefanya jambo la watu," akaninong'oneza.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisifu tangu nije. Nilidhani anasifu kule kuja kwa miguu na jua lile.

"Ni wajibu, ami," nikamjibu.

"Basi sema neno. Watu wanakungojea wewe."

Hilo nalo sikulishangaa. Pana mtu mwengine pale mwenye diploma? Nikasimama, nikakohoa, nikasema. Ole wangu, nilisema! Marehemu sikuwahi kumuona, lakini mtu wa hadithi hakosi maneno, nikaeleza ugeni unavyouma, mto wa kulalia usiokuwa wako, lugha usiyoijua ikikuuliza jina lako, mkono wa kukufumba macho ukiwa si wa mama. Nikaona wazee wanajifuta kwa ncha za vilemba. Kilio cha ndani kikazidi, na katikati yake nikaisikia sauti ya Bi Zuwena mwenyewe, ambayo sikuwahi kuisikia ikilia, sauti nene kama ya mwanamume. Nami (Mungu anisamehe) ndani ya huzuni yangu palikuwa na sehemu ndogo iliyokuwa ikisema: umeweza, umewaliza.

Nikakaa. Na hapo ndipo mshonaji Khamis na muuza kahawa walipotokea kwenye kona ya nyumba wamebeba ubao wangu, mmoja mbele, mmoja nyuma, kwa adabu kabisa, kama wanavyobeba jeneza. Rangi ilikuwa imekauka isipokuwa pale kwenye jina, ambapo palikuwa na alama za vidole vya Khamis.

"Tumeupitisha mjini kwanza, sasa tumewaletea wa Sidab nao wauone kwa macho yao," akasema Khamis, akauegemeza ukutani karibu na mlango. "Mie nnawambia, nilipoliona jina nilisema haiwezekani. Halafu nikauona ule mstari mweusi. Si yeye mwenyewe alituhadithia, Misri mtu akifa hutangazwa hivi, kwa mstari mweusi? Nikasema basi tena. Huyu hawezi kuandika jambo asilolijua, kasoma huyu."

Niliwaambia hayo kweli, siku moja, nikijigamba.

Nikausoma ubao kama naona maandishi ya mtu mwengine. Seif bin Khalfan. Nikamgeukia Ami Nasor. "Ami," nikasema, "mtoto wa Bi Zuwena akiitwa nani?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenye homa. "Si ndilo hilo umeandika?"

"Na kazi yake?"

"Forodhani. Una nini wewe? Hebu waeleze watu, khabari umeletewa na nani? Kuna mtu katoka Unguja?"

Watu wote wakasogea kusikiliza. Niwaambieni kweli, pale nilipata nafasi ya kusema uongo. Ningesema nimeletewa habari na baharia, na baharia kaondoka, nani angebisha? Bi Zuwena angelia siku zake tatu, mwanawe angesomewa hitima, naye angepoa kama watu wanavyopoa. Ningebaki mtu mwema aliyeleta habari. Lakini kijana yule pengine yuko hai mahali, anakula haraka haraka, na mimi nimeshamzika mara moja kwa brashi na mara ya pili kwa mdomo, nikashindwa kumzika ya tatu.

"Hakuna aliyeniletea," nikasema. "Ni hadithi."

"Hadithi gani?" akauliza sheikh.

"Ya kitabu changu. Mtu wa kubuni. Niliandika ili kuonyesha herufi."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kile cha mtu asiyeamini masikio yake, na mwengine akamwambia nyamaza. Khamis akavitazama vidole vyake. "Kuonyesha herufi," akarudia. "Mimi nimefunga duka. Nimelia mimi, mtu mzima."

"Na ile hotuba?" akauliza muuza kahawa. "Mto, sijui mkono, ile nayo ilikuwa ya nani?"

"Mshika mawili," akasema Ami Nasor. Hakuimaliza. Akateremsha macho kwenye mkeka na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu kwa ajili yangu.

Neno likapita pazia. Nikalisikia linavyokwenda, kwani kilio kilikuwa kinazimika kwa safu, wa karibu na mlango kwanza, kisha wa katikati, kisha wa mwisho kabisa uani, mpaka ikabaki sauti moja tu, ile nene, halafu nayo ikakatika. Pazia likainuliwa. Bi Zuwena akatoka na kanga nyeupe aliyokuwa amejitanda, macho yamevimba, akasimama kizingitini. Wanaume wakainamisha nyuso. Mimi nikaanguka magotini, na kilemba changu kizuri kikafunguka kikanining'inia begani kama taulo.

"Nisamehe, mama."

"Inuka. Huyo Seif wako," akasema, na watu wakashtuka, maana alilitamka jina, na lilimtoka kwa shida kama mwiba, "huyo wa kitabu. Alikufa na nini?"

"Homa, mama."

"Kitandani?"

"Hospitali. Rafiki zake walikuwepo."

"Akasema nini?"

Nikataka ardhi inimeze. Maneno yale niliyafanyia kazi wiki nzima, niliyaona ndiyo mazuri kuliko yote niliyopata kuandika. "Alisema, 'Msimwambie mama.'"

Akafikiri.

"Akafa kimya hivyo?"

"Ndiyo, mama. Kwa subira."

"Basi si wangu." Akawageukia wale waliokuwa karibu, kama anayeeleza jambo la sokoni. "Wangu akijikwaa kidole mtaa mzima unajua. Kichwa kikimuuma, mama. Tumbo likimuuma, mama. Mchuzi ukizidi ndimu, mama. Hawezi kufa akanificha. Huyu wake ni mwana wa mtu mwengine. Wangu yeye hamjui kabisa." Akanitazama tena, na hapakuwa na hasira usoni, na afadhali ingekuwepo. "Hujamuandika vizuri, mwanangu."

Watu wangapi wamewahi kuambiwa hivyo na kumshukuru Mungu? Nilimshukuru.

Akawaambia wanawake wateremshe chungu, akaagiza mikeka ikunjwe, akasema waliotoka mbali wanywe kahawa kwanza wasirudi na kiu. Watu wakainuka mmoja mmoja. Walipokuwa wanakunja mikeka, Bi Zuwena akakaa pale pale kizingitini na akaanza kulia upya, peke yake. Jirani yake mmoja akaenda akakaa naye, akafungua mdomo amfuate, akaufunga, kwa sababu hapakuwa na maiti, na kwa mtu ambaye hajafa watu hawajui walie vipi. Akakaa tu, akamshika goti.

Ubao niliubeba mwenyewe kichwani kuvuka kilima, uso chini, na watoto wa Sidab wakinifuata mpaka juu wakiniuliza nimzike nani mwengine. Tajiri wa Matrah kazi akampa mtu mwengine. Alisema mabango yangu ni mazuri sana, ila anaogopa nisije nikamuua yeye. Ami Nasor hakuniambia neno, na hilo lilikuwa zito kuliko methali. Tangu siku ile nikihitaji maneno ya sampuli naandika majina ya matunda.

Ijumaa iliyofuata sikutarajia mkate, na haukuja. Iliyofuata tena alipita mtu wa Sidab akaniambia, "Bi Zuwena anasema uende, na uende na hicho kitabu." Nikaenda nacho. Akanikalisha, akanimiminia kahawa, akasema, "Soma." Nikasoma sura ya homa, isipokuwa kifo nilikuwa nimeshakifuta. Akanikatiza kwenye mstari wa tatu. "Hapo hanyamazi. Hapo analalamika." Nikaandika pale pale, analalamika. "Na dawa hainywi mpaka apewe kitu kitamu." Nikaandika. Alinisahihisha mpaka adhana ya magharibi, na tulipofika kwenye mchuzi uliozidi ndimu akacheka, akajifuta macho, akasema, "Sasa kidogo anafanana."

Hivyo ndivyo tunavyokwenda sasa. Mchana napaka rangi, rangi ikikauka naandika, na Ijumaa navuka kilima na kurasa. Seif bin Khalfan amepona. Ni mtu mwenye makelele, anawachosha rafiki zake. Juzi nilikuwa nakusanya karatasi niondoke, nikamuuliza Bi Zuwena, kwa kuwa kitabu lazima kiwe na mwisho, kama anataka nimpandishe kijana meli nimlete Maskati. Nilidhani nampa zawadi.

Mkono wake ulikuwa juu ya unga. Ukasimama.

"Usithubutu," akasema. "Ukiandika kuwa amefika, mie ntaamini."

Nikamuapia, na nawaapia na nyinyi: sitamuua tena, na sitamleta.